Biashara Yetu na Maisha Tunayoyataka



Mwezi uliopita, baada ya ibada, kijana mmoja wa parishi yetu alitusimamisha mlangoni pa kanisa. Baba yake, mwalimu mwenzetu, anastaafu mwakani. Kijana akauliza: fedha za kiinua mgongo cha baba azitie katika biashara gani? Tulimjibu kwamba tutafikiri kwanza, maana jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakitungoja. Lakini njiani kurudi nyumbani tuliona kuwa swali lenyewe lilianzia katikati. Yeye aliuliza ni biashara ipi inayolipa. Nasi tungependa kumwuliza kabla ya hapo: baba yako ataka kuishi namna gani?

Huenda wengine wakasema hilo ni swali la watu walioshiba. Tutarudi kwenye neno hilo, kwa maana lina ukweli ndani yake. Kwanza mturuhusu tusimulie yaliyotupata sisi wenyewe, wala hatusimulii kwa kujisifu.

Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60, au kwa hiari akifikisha 55. Siku hiyo hupokea fedha za mkupuo ambazo hajapata kuzishika kwa pamoja tangu azaliwe. Mmesikia wenyewe maneno mengi juu ya kikokotoo, tangu mwaka 2018 mifuko ya pensheni ilipounganishwa: mkupuo uwe asilimia ngapi, na kiasi gani kibaki cha kulipwa kila mwezi. Watu wamebishana sana juu ya ukubwa wa fedha hizo. Juu ya kazi ya fedha hizo katika maisha ya mzee, mabishano ni machache. Huyu atamwambia anunue bodaboda mbili. Yule atamwambia ajenge vyumba vya kupangisha. Mwingine atamwita pembeni amwambie habari za vitunguu, kwamba ukikodi shamba la bondeni ukauza pale soko la Misuna mjini Singida, hutajuta. Na kwa kuwa hapa ni Singida, hatakosekana wa kumwambia, "Mwalimu, nunua mashine ya alizeti."

Sisi tulistaafu mwaka 2019, tukanunua mashine ya alizeti.

Kabla ya hapo, jioni moja, tulikaa na mwenzetu wa nyumbani tukafungua daftari jipya la kurasa 96, lililobaki katika zile tulizokuwa tukigawia darasani. Kwenye ukurasa wa kwanza tuliandika maisha tunayoyataka baada ya miaka karibu arobaini ya kengele. Tuliandika kwamba tutalima ekari mbili tu, za mtama na alizeti. Kwamba jioni tutawafundisha kusoma watoto wa jirani ambao shuleni wamepitwa, bila malipo. Kwamba tutapata nafasi ya kukaa na wagonjwa, siyo kupita mlangoni na kuuliza hali. Kwamba Jumapili itakuwa Jumapili. Mwenzetu akaongeza kwa mkono wake: kula chakula cha jioni pamoja, mezani, kabla hakijapoa. Basi tukageuza ukurasa, na kwenye wa pili tukaandika bei ya mashine, kodi ya banda, gharama ya kuvuta umeme, na mishahara ya vijana wawili. Kutoka siku ile hadi miaka mitatu baadaye hatukuufungua tena ukurasa wa kwanza. Kila siku tulianzia wa pili kwenda mbele.

Mashine ya alizeti si kitu kibaya. Mkulima analeta magunia yake, mnamkamulia, anaondoka na mafuta katika madumu, na mashudu yanabaki kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Mji wetu umejengwa kwa sehemu kubwa na kazi hiyo. Lakini mashine ina saa zake, nazo si saa za mzee aliyestaafu. Mavuno yanapoanza kuingia, mwezi wa Mei na Juni, watu hupanga foleni hata usiku, na umeme ukikatika mchana basi hulipiwa usiku. Mwenzetu alijikuta akiwapikia vibarua. Chakula chetu cha jioni tulikula tukiwa tumesimama, kila mtu kwa saa yake. Watoto wa jirani walikuja na vitabu vyao juma la kwanza, la pili, na la tatu, wakatukuta tunahesabu madumu. Hatuwezi kuwaambia siku gani waliacha kuja. Hilo ndilo linalotusumbua hata leo, kwamba hatukuiona siku yenyewe. Mwalimu wa miaka mingi namna ile, tuliyekuwa tukijua kwa macho tu kwamba mtoto mmoja hayupo darasani, hatukuona darasa zima likiondoka.

Hayo bado ni madogo. Kubwa lilikuja na njaa ya mashine. Ikifika Septemba au Oktoba mbegu za wakulima zimekwisha, mashine imelala, lakini kodi ya banda hailali. Mwenye mashine hana budi kuwa na mbegu zake mwenyewe ghalani. Akizinunua wakati wa mavuno, ashindane na wanunuzi wakubwa wenye malori. Kwa hiyo wenye mashine wengi hufanya jambo jingine: huenda vijijini mwezi wa Januari au Februari, alizeti ikiwa bado changa shambani, wakiwa na fedha taslimu mfukoni. Huo ndio wakati ambapo chakula cha mwaka uliopita kimekwisha, na shule zimefunguliwa, na mtoto anataka sare na madaftari. Mkulima huuza gunia ambalo bado halijazaliwa. Mwaka ule sisi tulilipa shilingi 25,000 kwa gunia. Lilipofika Juni, gunia lilelile liliuzwa zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kati ya waliotuuzia alikuwamo kijana tuliyemfundisha tangu darasa la nne hadi la saba. Alikuwa hodari wa hesabu. Mwezi wa Juni alileta magunia yake manane kwa mkokoteni wa ng'ombe, akayashusha mwenyewe, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Hesabu iko sawa." Hakulalamika hata kidogo. Tena alitushukuru, kwa kuwa zile fedha za Februari zilimsaidia. Lakini hakutazama juu. Na sisi, tuliomfundisha kuzidisha na kutoa, tulijua kwamba amekwisha kuifanya hesabu nyingine kichwani, nayo pia iko sawa.

Usiku ule tulikumbuka somo la Siasa. Wasomaji wa umri wetu watakumbuka. Tulipotoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya themanini, Siasa ilikuwa somo kama masomo mengine, na mtihani wake ulikuwapo. Tuliandika ubaoni maneno kupe, mnyonyaji, mirija, mlanguzi. Mwaka 1983, wakati Ndugu Sokoine alipokuwa Waziri Mkuu na walanguzi walipokuwa wakisakwa nchi nzima, watoto wetu walichora picha ya mtu mnene aliyeketi juu ya gunia. Tuliipa alama nzuri picha iliyokuwa bora na kuitundika ukutani. Hatukupata kufikiri kwamba mtu yule angeweza kuwa na miwani ya kusomea na kuitwa mwalimu.

Hapa yafaa tukumbushane historia kidogo, kwa sababu swali hili nchini kwetu lilipata kuulizwa kwa sauti kubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na waliohesabiwa kuwa viongozi walikuwa pamoja na watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu. Tuseme tunavyotaka juu ya Azimio, lakini miiko ile ilianza na swali la kwanza. Ilisema: kama unataka kuwa mtumishi wa watu, basi iko njia fulani ya kupata fedha isiyopatana na utumishi huo, hata ikiwa ni halali kwa mtu mwingine.

Tatizo ni kwamba swali liliulizwa na kujibiwa juu, sisi tukapelekewa jibu. Mshahara ulipoacha kutosha katika miaka ya themanini, kila mmoja alitafuta mradi: kuku, nguruwe, maandazi ya kuuzwa shuleni wakati wa mapumziko. Wengine waliandikisha mradi kwa jina la mke au la shemeji. Mwezi wa Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza ile miiko. Tangu hapo mtu yuko huru kufanya biashara ayitakayo, nasi hatusikitiki kwamba nguruwe wa mwalimu wametoka mafichoni. Lakini jibu lilipoondolewa, swali nalo likaondoka. Hatukupata kujizoeza kujiuliza wenyewe.

Aliyejiuliza mwenyewe, pasipo kuamriwa na chama wala serikali, yuko mmoja tuliyesoma habari zake zamani na kumsahau mpaka majuzi. Jina lake John Woolman. Alizaliwa mwaka 1720 katika New Jersey, huko Marekani, wakati ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Alikuwa wa jamii ya Marafiki, hao ambao leo ni wengi sana huko magharibi ya Kenya. Woolman alijifunza ushonaji, akafungua duka katika mji wa Mount Holly. Duka likastawi. Wateja wakaongezeka, bidhaa zikaongezeka, na mbele yake akaona njia wazi ya kuwa tajiri. Ndipo mzigo ukaanza kumlemea. Alikuwa na kazi nyingine aliyoiona kuwa ndiyo maisha yake, nayo ni kusafiri kwenda kuzungumza na watu waliomiliki watumwa, nyumba kwa nyumba, ili wawaache huru. Duka kubwa halikumpa nafasi hiyo. Tena aliona kwamba wateja maskini walikuwa wakikopa vitu visivyowafaa, na deni likawafunga.

Basi alifanya nini? Katika mwaka 1756 hivi aliwaambia wateja wake kwamba anapunguza biashara, ili wapate nafasi ya kutafuta duka jingine. Akaacha bidhaa kidogo kidogo, akabaki na sindano yake, pamoja na bustani ya miti ya matofaa. Hakufilisika wala hakufukuzwa. Alipunguza duka lililokuwa likilipa vizuri.

Hatumtaji Woolman kama mtakatifu wa kutundikwa ukutani. Twamtaja kwa sababu ya jambo moja lililompata mapema, kabla hajawa na duka. Alipokuwa kijana karani, bwana wake alimwagiza aandike hati ya kumwuza mwanamke mtumwa. Mnunuzi alikuwa mzee wa jamii ileile ya Marafiki, na mnunuzi alikuwa anangoja. Woolman akaiandika. Baadaye alisumbuka sana rohoni, na tangu hapo walipokuja watu kumtaka awaandikie wosia wa kurithisha watumwa, alikataa, hata kama malipo ni mazuri na mtu mwenyewe ni rafiki. Tukiitazama habari hiyo, twaona kwamba kazi humwagiza mtu mkono wake uandike jambo fulani, na huagiza wakati watu wanangoja, hakuna nafasi ya kufikiri. Sisi daftari letu la Februari tuliliandika hivyohivyo. Pikipiki ilikuwa inangoja, mvua ilikuwa karibu, mkulima alikuwa na haraka kuliko sisi. Tukaandika jina, magunia manane, 25,000.

Mwaka uliofuata tulirudi kwenye ukurasa wa kwanza. Tulizungumza na mwenzetu kwa siku kadhaa, na hatukukubaliana upesi. Yeye alisema, kwa haki, kwamba tukiiuza mashine tutakuwa tumetupa jasho la miaka arobaini. Alisema pia kwamba vijana wawili wana wake na watoto, na je, nao watakula ukurasa wa kwanza? Mwishowe tuliamua kubaki na mashine, lakini tukamulie kwa malipo tu. Anayeleta mbegu zake tunamkamulia. Kununua mazao tumeacha, ya ghalani na ya shambani. Ikifika Oktoba tunafunga, tunawalipa vijana nusu ya mshahara hadi msimu ujao, nao wakati huo wanalima. Saa kumi na mbili jioni tunazima, na Jumapili hatufungui. Wateja wa usiku tuliwaonyesha mashine ya jirani, naye alidhani tumeugua.

Mapato yetu yamepungua karibu nusu. Tunayataja haya ili asiwepo msomaji atakayedhani kwamba mambo ya namna hii huja bila gharama, au kwamba baadaye baraka hurudisha fedha kwa mlango mwingine. Kwetu hazijarudi. Bati la chumba cha nyuma linavuja, na litavuja masika haya pia. Na mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoanguka, wakulima walileta mbegu chache, nasi tukapata kidogo zaidi. Watoto wa kusoma wanakuja sita. Wale wa kwanza wamekwisha kuwa wakubwa.

Sasa turudi kwenye neno la walioshiba. Karibu na banda letu yuko mama anayeuza uji na maandazi. Hufungua saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa nne amekwisha kufunika masufuria na kuondoka, hata kama wateja wako. Kwa muda mrefu tulimsifu mioyoni mwetu kama mtu aliyejua kupima. Siku moja tulimwambia hivyo. Akacheka. "Mwalimu, mimi sikupima kitu. Mama yangu hawezi kugeuka kitandani, saa nne lazima nikamgeuze." Ukweli ni kwamba yeye angependa sana kuuza chakula cha mchana, kwa maana faida iko mchana. Wengi katika parishi yetu wako kama yeye. Maisha ndiyo yaliyomchagulia biashara, wala hakuna aliyemwuliza anataka nini. Kwa hiyo kumwambia mtu kama huyo apatanishe biashara yake na maisha anayoyataka ni kumtania.

Lakini twaona kwamba neno hilo halituachilii sisi wenye pensheni, bali latubana zaidi. Sisi ni wachache ambao kila mwezi, haba na haba, kitu kinaingia hata mashine ikilala. Tukisema kama mama wa uji kwamba hatuna la kuchagua, tunasema uongo. Yule anayekwenda kijijini mwezi wa Februari na fedha taslimu anaweza kwenda kwa sababu ana akiba, na mkulima anamwuzia kwa sababu hana.

Liko jambo ambalo hatujalipatia jibu, na si haki kulificha. Yule kijana wa magunia manane, mwaka tulioacha kununua, alimwuzia mtu mwingine mwezi uleule wa Februari. Alipata shilingi 20,000. Alikuja mwenyewe kutuambia, na safari hii alitutazama usoni. "Mwalimu, wewe ulikuwa na nafuu." Tulikaa kimya. Mikono yetu ilikuwa imekuwa safi, na yeye alikuwa amepoteza shilingi 5,000 kwa kila gunia.

Tangu hapo, mwezi wa Januari, tunawakopesha fedha wakulima wanne, siyo zaidi, kwa sababu ndicho kiasi tunachoweza kukipoteza. Hulipa fedha ileile baada ya mavuno, na alizeti yao huuza watakako. Wawili wamelipa yote. Mmoja amelipa nusu. Wa nne amehamia Itigi, na salamu zake twazipata. Mwenzetu anasema hiyo si biashara wala si sadaka, na kwamba anataka kujua ni nini. Hatujui tumwambie nini.

Jumamosi ijayo tutakwenda kumwona yule mwalimu anayestaafu. Tulitaka kuchukua lile daftari, tumwonyeshe ukurasa wa kwanza na wa pili. Mwenzetu amesema tuchukue na ule wa mwisho, wenye majina manne.